Kuli wa Stesheni Hapandi Treni: Jinsi Vitamini E Inavyotoka kwenye Ini

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa hapa Ujiji, kazi yangu ni kukamua na kuuza mawese. Mwanangu wa kidato cha sita anasema mawese yetu yana vitamini E ya aina nyingi, lakini ini huchagua aina moja tu na nyingine hutupwa. Anasema pia kwamba ipo protini inayoibeba hiyo moja kutoka kwenye ini hadi kwenye misuli, ngozi na ubongo. Sasa mimi ninayeshinda na mafuta na maji kila siku najua kwamba viwili hivyo havichanganyiki, na damu ni maji. Naomba unieleze inasafirije hasa. Na je, niache kuwaambia wateja kwamba mawese yana vitamini E?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Mwanao amesoma vizuri, na mengi aliyokueleza ni kweli, ila amekosea mahali pamoja ambapo hata wanafunzi wangu wa chuo hapa Tabora hukosea karibu kila mwaka kwenye mtihani. Anadhani kwamba protini inayoichagua vitamini E ndani ya ini ndiyo inayofuatana nayo katika damu hadi mwisho wa safari. Haifuatani nayo. Protini hiyo huishi na kufanya kazi ndani ya seli ya ini, huufikisha mzigo ukingoni mwa seli, kisha hurudi ndani kuchukua mwingine. Ni kama kuli wa stesheni ya Tabora, ambaye huyatoa magunia ghalani na kuyafikisha kwenye jukwaa, lakini treni ikiondoka kwenda Kigoma au Dar es Salaam yeye hubaki pale pale.

Swali lako la mafuta na maji ndilo la msingi, kwa hiyo nianze nalo. Vitamini zinazoyeyuka katika mafuta hazina budi kutafuta namna ya kuvuka damu, na kila moja ina namna yake. Vitamini A, ambayo mwili huitengeneza kutokana na ile rangi nyekundu ya mawese yako, huwekwa akiba kwenye ini, na inapohitajika hutolewa ikiwa imeshikiliwa na protini yake maalumu inayosafiri nayo katika damu. Vitamini D nayo ina protini yake ya kuibeba. Vitamini E haina chombo cha peke yake katika damu, wala ini si ghala lake kwa maana ile ya vitamini A. Hudandia vyombo vile vile vinavyobeba kolesteroli na mafuta mengine, yaani lipoprotini, ambazo ni matone madogo mno ya mafuta yaliyozungushiwa utando wa protini na fosfolipidi, yaani mafuta yenye kichwa kinachopenda maji, upande huo unaopenda maji ukielekezwa nje na mafuta yakifichwa ndani. Kwa ganda hilo mafuta huelea katika damu bila kujitenga kama yanavyojitenga kwenye sufuria lako. Karibu kila jambo nitakalolieleza hapa chini linatokana na hali hiyo: safari ya vitamini E ni safari ya mafuta, na uamuzi wa ni aina gani ipande chombo hufanywa mahali pamoja tu, kwenye ini.

Jina vitamini E hukusanya viini vinane vinavyofanana sana. Vinne huitwa tokoferoli na vinne tokotrienoli, na kila kundi lina alfa, beta, gama na delta. Vyote vina kichwa cha umbo la pete na mkia mrefu. Mkia wa tokoferoli umeshiba, yaani hauna vifungo maradufu kati ya kaboni zake, na wa tokotrienoli unavyo vitatu. Alfa, beta, gama na delta hutofautiana kwa idadi na mpangilio wa vikundi vidogo vya kaboni vilivyopachikwa kwenye pete. Tofauti hizo ni ndogo sana, lakini ini huzitambua. Mawese yana sifa ya pekee hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya vitamini E yake ni tokotrienoli, tofauti na alizeti ambayo karibu yote ni alfa-tokoferoli, na tofauti na soya ambayo ina gama-tokoferoli kwa wingi.

Tuifuate basi sahani ya maharage yaliyoungwa mawese. Nyongo inayomwagika kwenye utumbo mwembamba huyapasua mafuta kuwa vitone vidogo, na vitamini E huingia kwenye seli za ukuta wa utumbo pamoja nayo. Ndani ya seli hizo hupakiwa kwenye lipoprotini kubwa ziitwazo kilomikroni, ambazo haziendi moja kwa moja kwenye ini kama inavyokwenda sukari, bali hupita kwanza katika mishipa ya limfu, hupanda kifuani, na kumwagikia kwenye mshipa mkubwa wa damu karibu na shingo upande wa kushoto. Kutoka hapo huzunguka mwilini. Kwenye kuta za mishipa midogo ya damu ya misuli na ya mafuta ya chini ya ngozi kuna kimeng'enya kinachoitwa lipoprotini lipasi, nacho huyavunja mafuta ya kilomikroni ili seli ziyatumie. Wakati wa kuvunjwa huko, sehemu ya vitamini E hushuka njiani na kuingia kwenye tishu hizo, nyingine huhamia kwenye lipoprotini za jirani, na inayobaki hufika kwenye ini ndani ya mabaki ya kilomikroni. Zingatia kwamba hadi hapa hakuna aina iliyobaguliwa. Tokotrienoli za mawese na gama-tokoferoli ya soya zimesafiri sawa na alfa, na baadhi zimeshashuka kwenye misuli na mafuta kabla ini halijasema neno. Neno "hutupwa" alilolitumia mwanao ni kali kidogo kwa sababu hiyo, na nitalirudia.

Seli ya ini huyameza mabaki ya kilomikroni kwa kuyafunika na kipande cha utando wake na kukivuta ndani kama kifuko. Ndani ya vifuko hivyo mabaki huvunjwavunjwa, na vitamini E ya aina zote huachwa ikiwa imejichomeka kwenye utando wa kifuko, kwa sababu haiwezi kuogelea katika majimaji ya seli. Hapo ndipo huingia yule kuli. Jina lake kamili ni protini ya kuhamisha alfa-tokoferoli, na wataalamu huifupisha kuwa alfa-TTP. Watafiti waliokuwa wakichunguza maini ya panya walianza kuitambua katika miaka ya 1970. Imeundwa kwa mnyororo wa amino asidi 278, na umbo lake, lililoonekana wazi mwaka 2003 baada ya protini hiyo kugandishwa kuwa fuwele na kupigwa miale ya eksirei, lina mfuko ambao kuta zake za ndani huyachukia maji, na juu ya mfuko huo kuna kifuniko. Alfa-tokoferoli ikiingia, kifuniko hufungwa, nayo huweza kuvushwa katika majimaji ya seli bila kuyagusa.

Mfuko huo ndio mzani wa ini. Alfa-tokoferoli ya asili hukaa ndani yake barabara, kila kona ikigusana na ukuta. Aina nyingine hulegea au hazitoshei. Katika vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 1997, ukiuhesabu mvuto wa protini hii kwa alfa-tokoferoli kuwa asilimia 100, beta hupata asilimia 38, alfa-tokotrienoli asilimia 12, gama asilimia 9, na delta asilimia 2. Kwa hiyo si kweli kabisa kwamba nyingine hukataliwa zote. Husukumwa nyuma ya mstari, na mstari wenyewe ni mrefu. Hata alfa-tokoferoli iliyotengenezwa kiwandani huchujwa hapa, kwa kuwa ni mchanganyiko wa maumbo manane, nusu yake yakiwa yamepinda upande ambao mfuko hauyashiki vizuri. Nitalirudia hilo pia tukifika kwenye vidonge.

Wenzangu wengine wakiifundisha protini hii kwa Kiswahili huiita mpagazi. Mimi hujizuia, tena nikiwa hapa Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi wa Tabora, kwa sababu mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika pembe za ndovu na kutembea nazo hadi Bagamoyo, na mwanafunzi akisikia neno hilo huona mara moja safari ndefu. Alfa-TTP haitoki uani.

Hatua inayofuata ndiyo iliyochelewa kueleweka. Kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba alfa-tokoferoli hupakiwa ndani ya lipoprotini inayotengenezwa na ini, wakati lipoprotini hiyo ikiwa bado ndani ya seli. Lakini seli za ini zilizooteshwa maabara zilipopewa dawa inayozuia lipoprotini zisitolewe nje, alfa-tokoferoli iliendelea kutoka. Hiyo ina maana kwamba mzigo una mlango wake. Picha inayokubalika sasa ni kwamba alfa-TTP huichukua alfa-tokoferoli kutoka kwenye utando wa vifuko na kuipeleka hadi kwenye upande wa ndani wa utando wa nje wa seli. Utando huo una aina ya fosfolipidi yenye vichwa vilivyobeba fosfati, ambayo hukaa zaidi hapo kuliko kwenye tando nyingine za seli, na alfa-TTP ikigusana nayo, kifuniko chake hufunguka, na vitu viwili hubadilishana nafasi: fosfolipidi huingia mfukoni na alfa-tokoferoli hushuka kwenye utando. Utafiti uliolionyesha hili ulichapishwa mwaka 2013, na uzuri wake ni kwamba ulieleza pia ni kwa nini wagonjwa fulani, ambao alfa-TTP yao bado inaweza kuishika alfa-tokoferoli, hata hivyo wanapungukiwa vitamini E: kilichoharibika kwao ni pale mahali pa kuigusa ile fosfolipidi. Kuli wao ana nguvu za kubeba gunia lakini hapaoni pa kulishusha.

Ikishafika kwenye utando wa nje, alfa-tokoferoli husukumwa nje kwa msaada wa pampu ya utandoni iitwayo ABCA1, ile ile inayotoa kolesteroli, na huko nje hukutana na lipoprotini zinazoondoka kwenye ini. Hapo ndipo behewa linapopakiwa. Chombo kikuu cha kuondokea ni lipoprotini ya uzito mdogo sana, ambayo kwenye karatasi za maabara utaiona kwa herufi VLDL. Imejaa mafuta ambayo ini linayapeleka kwenye misuli na kwenye akiba. Njiani lipoprotini lipasi huyanyonya mafuta hayo, chombo hupungua, na kinachobaki hugeuka kuwa LDL, ambayo wengi huijua kwa jina la kolesteroli mbaya. Vipande vya ganda lake vinavyobanduka hujiunga na HDL, lipoprotini ndogo ambayo wengi huiita kolesteroli nzuri. Ndiyo maana ukipima damu ya mtu aliyefunga usiku kucha utaikuta karibu vitamini E yake yote imegawanyika kati ya LDL na HDL, kila moja ikiwa na fungu kubwa.

Mgawanyo huo hautulii. Vitamini E hurukaruka kutoka lipoprotini moja hadi nyingine, na kutoka kwenye lipoprotini hadi kwenye utando wa chembe nyekundu za damu na kurudi, na ipo protini katika damu, ile inayohamisha fosfolipidi, ambayo huyaharakisha mabadilishano hayo. Ukitaka kuona jinsi mambo yanavyokwenda kasi, fikiria kwamba ini huibadilisha karibu alfa-tokoferoli yote iliyomo katika damu kila siku: mabaki ya lipoprotini hurudi kwenye ini, mzigo hushushwa, kuli huuchukua tena na kuupeleka kwenye jukwaa. Mtu akila kidogo leo na vizuri kesho, kiwango cha damu hakiyumbi sana, kwa sababu kilekile kilichomo hurudishwa barabarani mara kwa mara.

Tunajuaje kwamba uchaguzi hufanyika kwenye ini na si kwenye utumbo? Jambo hili lilithibitishwa kwa binadamu hai, na mimi hulipenda kwa sababu ni mfano wa swali gumu kupata jibu lililo wazi. Katika miaka ya 1980 na 1990 watafiti wa Marekani, wakiwemo Maret Traber na Herbert Kayden, waliwapa watu vitamini E iliyotiwa alama ya hidrojeni nzito, ambayo haina mnunurisho wala madhara lakini huonekana kwenye mashine ya kupimia uzito wa molekuli. Waliwapa alfa na gama kwa pamoja. Saa za mwanzo, kilomikroni zilibeba zote mbili. Baadaye, lipoprotini zilizotoka kwenye ini zilijaa alfa, na gama ikapungua haraka. Utumbo ulikuwa umepokea bila ubaguzi. Ini lilikuwa limechagua.

Sasa tuje kwenye tishu, maana hapo ndipo swali lako lilipolenga. Hakuna lango moja. Misuli na mafuta ya mwili hupokea sehemu kubwa kupitia lipoprotini lipasi, kama ilivyokuwa kwa kilomikroni. Seli nyingi huivuta LDL nzima ndani kwa vipokezi vyake, na vitamini E huingia pamoja na kolesteroli. HDL nayo hutia nanga kwenye kipokezi kingine, hushusha sehemu ya mzigo wake bila yenyewe kumezwa, kisha huendelea na safari. Njia hii ya HDL ina umuhimu wa pekee kwa ubongo, kwa sababu kuta za mishipa ya damu ya ubongo zimezibwa kwa makini, na lipoprotini kubwa hazipiti. Ndani ya ubongo alfa-TTP hupatikana tena kwa kiasi kidogo, hasa katika ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa, unaoratibu mwendo na mizani ya mwili. Hupatikana pia kwenye kondo la nyuma, ikisaidia kumpitishia mtoto vitamini hii. Hili linatukumbusha vitamini E ilivyogunduliwa: mwaka 1922 huko California, Herbert Evans na Katharine Scott Bishop waliona kwamba panya jike waliolishwa chakula fulani kisicho na kiini hiki walishika mimba, lakini mimba ziliharibika. Jina tokoferoli lenyewe limetokana na maneno ya Kigiriki yanayohusu kuzaa.

Ikishaingia kwenye seli, alfa-tokoferoli hujichomeka kwenye tando, kichwa kikielekea ukingoni na mkia ukizama katikati ya mafuta, nayo huyazuia mafuta hayo yasichache. Wewe unajua mawese yakikaa sana juani hubadilika harufu. Tando za seli zetu zina mafuta mepesi zaidi yanayoharibika kwa namna hiyo hiyo, na kiini kimoja cha vitamini E hulinda mamia kwa maelfu ya viini vya mafuta vinavyokizunguka. Sehemu kubwa ya vitamini E ya mwili, karibu asilimia 90, hukaa kwenye mafuta ya akiba. Usidhani hiyo ni benki ya kuchota wakati wowote. Akiba hiyo hujengeka polepole kwa miaka na hutoka polepole vile vile, ndiyo maana damu na neva hutegemea zaidi kile ambacho ini linakitoa kila siku.

Na zile zisizochaguliwa? Zinapobaki ndani ya seli ya ini, huangukia mikononi mwa kimeng'enya kinachoitwa CYP4F2, ambacho hushika ncha ya mkia na kuanza kuuoksidisha. Kisha mkia hufupishwa kipande baada ya kipande hadi kinabaki kichwa chenye kishina kifupi, kinachoyeyuka katika maji na kutoka kwa mkojo. Nyingine hutolewa kwa nyongo. Alfa nayo huweza kupita njia hiyo ikiwa nyingi kupita kiasi, lakini kwa kawaida kuli huwahi kuichukua. Ukilinganisha, nusu ya alfa-tokoferoli ya asili hubaki katika damu kwa takribani siku mbili, na gama haifikishi hata siku moja. Tokotrienoli baada ya mlo hupanda na kushuka ndani ya saa chache. Kwa hiyo badala ya kusema hutupwa, ni sahihi zaidi kusema hupewa safari moja, ile ya kilomikroni, na hazipewi tiketi ya kurudi barabarani.

Umuhimu wa huyu kuli ulidhihirika kwa wagonjwa waliozaliwa bila yeye. Kuna maradhi ya kurithi, adimu lakini yenye mafunzo mengi, ambayo mtoto hula vizuri, hufyonza mafuta vizuri, nyongo yake ni nzima, lakini damu yake karibu haina vitamini E. Mara nyingi kati ya umri wa miaka 5 na 15 huanza kuyumba anapotembea, mikono hupoteza ulengaji, usemi huwa mzito, na ukimwambia asimame na kufumba macho huanguka, kwa kuwa neva zinazopeleka kwenye ubongo habari za mahali miguu ilipo zimeharibika. Familia nyingi zilizochunguzwa kwanza zilikuwa za Afrika Kaskazini, Tunisia ikiwemo, na mwaka 1995 ilithibitishwa kwamba kilichoharibika ni jeni ya alfa-TTP, iliyo kwenye kromosomu ya 8. Wagonjwa hao walipopewa vitamini E yenye alama, kilomikroni zao ziliibeba kama za watu wengine, lakini lipoprotini zilizotoka kwenye ini zilikuwa karibu tupu, na kiwango cha damu kiliporomoka kwa kasi. Tiba yake ni vitamini E kwa dozi kubwa maisha yote, chini ya daktari. Hufanya kazi kwa sababu mzigo ukiwa mwingi mno, kiasi cha kutosha hushuka njiani kutoka kwenye kilomikroni au huvuka tando chenyewe bila kuli, mradi dozi zisikatizwe. Ikianza mapema huzuia madhara. Ikichelewa, neva zilizokufa hazirudi.

Kuna pia waliokosa treni yenyewe. Watu wachache huzaliwa wakiwa hawawezi kutengeneza kilomikroni wala VLDL, nao hupungukiwa vitamini E hata kama alfa-TTP yao ni nzima. Wanaopatikana zaidi katika wodi za watoto ni wale ambao njia ya nyongo imeziba tangu uchangani. Bila nyongo mafuta hayafyonzwi, na vitamini E haifyonzwi pia. Hawa huweza kumdanganya daktari, kwa sababu nyongo iliyoziba hupandisha kolesteroli, lipoprotini hujazana katika damu, na vitamini E ikipimwa peke yake huonekana ya kawaida wakati tishu zina njaa. Kwa hiyo kipimo chake kisomwe pamoja na kiwango cha mafuta ya damu. Mizigo michache ikitawanywa katika mabehewa mengi, haifai kuhesabu mizigo bila kuhesabu mabehewa.

Nimalizie na wateja wako. Waambie mawese yana vitamini E, kwa sababu yanayo. Gramu 100 za mawese zina takribani miligramu 16 za alfa-tokoferoli, ukiachilia mbali tokotrienoli, kwa hiyo kijiko kimoja cha chakula hutoa kama miligramu 2. Kiwango kinachopendekezwa Marekani kwa mtu mzima ni miligramu 15 kwa siku, ambazo hazitokani na mawese peke yake bali na karanga, mboga za majani na vyakula vingine pia. Alizeti inayashinda mawese kwa alfa, zaidi ya mara mbili, lakini alizeti haina ile rangi nyekundu inayogeuka kuwa vitamini A. Mafuta ya mise, ya ile kokwa ya ndani, usiyatie katika hesabu hii, kwani vitamini E yake ni kidogo sana. Na wale wanaoyaunguza mawese mpaka yawe meupe ili yafanane na mafuta ya dukani wanaiua rangi na sehemu ya vitamini E kwa pamoja, wakilipia kuni juu yake.

Kitu ambacho nisingekushauri ukiseme sokoni ni kwamba tokotrienoli za mawese zinatibu maradhi fulani. Zimechunguzwa sana katika maabara, lakini kiini kinachokaa katika damu kwa saa chache hakiwezi kuahidiwa kazi kubwa mbele ya mteja anayeumwa. Akija mtu akikuuliza kama anunue vidonge vya vitamini E badala ya kula, mwambie asome kibandiko. Kikiandikwa d-alfa, ni umbo la asili. Kikiandikwa dl-alfa, ni la kiwandani, na nusu yake haitamfurahisha kuli. Na kama anatumia dawa za kuzuia damu isigande, asimeze dozi kubwa bila kumwona daktari, kwa sababu alfa-tokoferoli ikizidi huingilia kazi ya vitamini K, ile inayosaidia damu kuganda, na damu huweza kutoka bila kukoma.